Mpinzani wa Mume Wangu: Siku ya Kura na Boriti

Mmenitukana wiki nzima, najua. Dada mmoja alinikamata mkono sokoni akaniambia, "Murtiyah, wewe si mke, wewe ni mkeka." Haya, nimekubali. Kaeni kitako niwape siku yenyewe ya kura, halafu mnitukane vizuri.

Kwa aliyekosa wiki jana: mume wangu Kasmuri aligombea ukuu wa kijiji. Mpinzani wake akajitoa, akaenda zake Malaysia kutafuta kazi kwenye mashamba ya michikichi. Sheria haikubali mgombea mmoja. Basi Kasmuri akaniletea fomu jikoni nikiwa nakaanga tempe za soya, akasema, "Saini hapa." Nikasaini. Nikawa mpinzani wa mume wangu wa ndoa. Yeye alama yake shuke la mpunga, mimi muhogo.

Tena akaibomoa nyumba yetu, mbele yote na paa lote. Eti mkuu wa kijiji hapokei wageni kwenye nyumba ya mkulima, sharti baraza pana. Mpiga hesabu za siku akafungua kitabu chake, akasema boriti ya kilele cha paa ina siku moja tu yenye heri ya kupandishwa, ikipita hiyo ni mpaka miezi minne. Siku gani? Siku ya kura!

Kiwanja chenyewe ni cha marehemu baba yangu. Hakina hati. Kiko kwenye daftari la kijiji kwa jina langu, na daftari hilo pamoja na mhuri wake hushikwa na mkuu wa kijiji. Nilisaini ile fomu bila kulifikiria hilo. Ujinga wangu mwenyewe.

Saa kumi na moja alfajiri mafundi kumi walikuwa wameshafika. Mimi na watoto wangu wawili, Gendis wa miaka sita na Wikan wa miaka mitatu, tulikuwa tumelala chini ya turubai. Kasmuri yeye alilala kwa mama yake, nyumba ya jirani, penye paa na chandarua.

"Mama Gendis, amka," fundi mkuu Sarwidi akaniita. "Kitanda chako kiko kwenye njia ya zege."

Nikaamka. Nikapika wali wa watu kumi na chai ya watu kumi. Nikapika na ule uji mweupe na mwekundu wa sadaka, maana bila uji huo hakuna fundi wa kwetu atakayegusa boriti ya kilele. Wikan kaning'inia mguuni. Gendis analia, kiatu chake kimoja kimefukiwa kwenye kifusi.

Kasmuri akatokea kavaa koti jeusi la sherehe na kilemba, ananukia mtaa mzima.

"Bado hujavaa?"

"Nipokee basi mtoto nivae."

"Nitachafuka. Mpe mama."

Mama yake, Ngatinah, alikuwa amekaa kwenye rundo la matofali anatafuna tambuu.

"Mimi?" akasema. "Mgombea mzima anashindwa na watoto wawili! Kijiji cha watu elfu mbili utakiweza?"

Mafundi wakacheka. Kasmuri akacheka kuwashinda.

Lakini kamati ya uchaguzi ilikuwa imekataza watoto jukwaani. Nikambembeleza mama mkwe mpaka nikapiga magoti kwenye mchanga. Akasema atawatazama kwa macho tu, mikono yake inauma. Nikajibana kwenye kebaya, ile blauzi ya sherehe niliyoolewa nayo, vifungo viwili vikakataa, nikavishikiza kwa pini, nikavuka njia kwenda uwanjani. Nyumba yetu na uwanja wa kijiji vinatazamana.

Kwetu wagombea hukaa jukwaani tangu kituo kinafunguliwa mpaka kinafungwa, wapiga kura wawaone nyuso. Juu ya kiti cha Kasmuri walitundika mashuke ya mpunga yaliyofungwa utepe. Juu ya changu walitundika muhogo, na udongo wake.

"Cheka," Kasmuri akaninong'oneza, meno nje. "Watu wanatazama."

"Mgongo unaniuma."

"Kaa hivyo hivyo. Hata mgomba ungetosha kukaa hapo, ila sheria inataka mtu."

Vitongoji vya juu vilipiga kura kwanza; kwetu kura ni kutoboa alama kwa msumari. Ndugu zake hao wote. Kila aliyepita alimwinamia yeye, kisha akautazama muhogo na kuziba mdomo. Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti, "Mama Gendis, ukishinda utatupikia nini?" Uwanja ukaangua kicheko.

"Kura yako unajua pa kuitoboa," Kasmuri akasema.

"Najua."

"Na nikishika tu mhuri, jambo la kwanza ni kile kiwanja. Baba yako alikiacha kimekaa ovyo. Tutakiandika upya."

"Kimeandikwa jina langu."

"Ndiyo nasema kimekaa ovyo."

Alisema huku anampungia mkono mama mmoja mwenye mtoto. Baba yangu alifia kwenye kile kiwanja, na mimi nimezalia hapo watoto wawili. Ndipo nilipoelewa fomu ile ya jikoni ilikuwa ya nini hasa. Na bado, wasomaji, bado nilikuwa najiambia nitampa kura yangu. Mume ni mume.

Saa sita hivi nikamwona Gendis anakuja mbio katikati ya foleni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Mama! Wikan yumo kwenye zege! Anasema miguu inawaka!"

Nikainuka. Kasmuri akanidaka kifundo cha mkono.

"Kaa. Mama yupo."

"Mtoto anaungua!"

"Nimesema kaa, we mwanamke!"

Hapo tabasamu lake lilidondoka, mara ya kwanza siku ile. Mwenyekiti wa kamati akanitazama, akamtazama yeye, akasema mgombea anaruhusiwa nusu saa kwa dharura. Nikauchomoa mkono wangu na kukimbia, kebaya ikapasuka ubavuni.

Wikan alikuwa amesimama katikati ya baraza jipya, zege mpaka magotini, sauti imemkauka. Bibi yake yuko hatua tano kutoka hapo, anamtazama.

"Yumo humo tangu saa ngapi?"

"Tangu alipoingia. Aliambiwa asikanyage. Nimemwacha ajifunze."

Nikaingia na nguo zangu zote, nikamng'oa. Nikamwaga maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo. Ngozi ya mashavu ya miguu ilikuwa nyekundu, na penye mikunjo ya magoti ilikuwa imeshaanza kutoka. Akaning'ata bega kwa maumivu. Nikamwacha aning'ate.

Nilipoinua kichwa nikaona jambo la ajabu. Mama mkwe alikuwa ameenda kukaa juu ya boriti ya kilele. Boriti ilikuwa imelazwa kwenye magogo, imeshafungwa ndizi, nazi na bendera, inasubiri kupandishwa. Boriti ile hairukwi wala haikaliwi, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo siku nilipoolewa.

"Mama, umekalia boriti."

"Miguu inauma."

"Inuka, mama."

"Rudi kwenye kiti chako, nusu saa inaisha."

Nikamshika kwapani nikamwinua. Wallahi sikuwahi kumgusa hivyo miaka minane.

Wazee wetu huandika kwenye boriti ya kilele tarehe, na majina ya mume na mke watakaokaa chini yake. Tarehe ilikuwepo, kwa rangi nyeupe. Chini yake, pale pale alipokuwa amekalia mama mkwe: KASMURI NA ENDARTI.

"Fundi Sarwidi, njoo hapa. Hili jina la nani?"

Fundi akavua kofia. "Mimi nilipewa karatasi, Mama Gendis. Nikaandika kilichoandikwa."

"Nani alikupa?"

Macho yake yakaenda kwa mama mkwe.

"Afadhali umeona," mama mkwe akasema, akatema tambuu. "Jina lako likipanda pale juu utatuganda milele. Endarti kasoma, ana adabu, anafaa kukaa na wageni. Wewe utajengewa kibanda nyuma, upande wa mbuzi. Hatukufukuzi."

Endarti! Mjane wa miaka ishirini na sita, mwenye mtoto mmoja, anaishi na wazazi wa marehemu mumewe kitongojini kwetu. Na ndiye karani wa kamati ya uchaguzi. Muda ule ule alikuwa uwanjani na chupa ya wino, anachovya watu vidole.

Nikaelewa kwa nini Kasmuri alinishika mkono.

"Nilifute?" fundi akauliza kwa sauti ya chini.

"Usifute. Pandisha."

"Nipandishe hivi hivi?"

"Hivi hivi. Ila maandishi yatazame uwanjani."

"Mila inasema yatazame ndani, Mama Gendis."

"Kiwanja hiki cha nani, fundi?"

"Cha marehemu baba yako."

"Basi yatazame nje. Na hiyo bendera ifunge pembeni, isilifunike jina."

Mama mkwe akapiga ukelele. Lakini saa yenye heri ilikuwa inapita na kamba zilikuwa mikononi mwa wanaume kumi. Boriti ikishaondoka chini haishushwi, ni nuksi kwa fundi na kizazi chake. Ikapanda. Ikakaa. Herufi zilikuwa kubwa, Sarwidi ana mwandiko mzuri.

Nawaungamia: nilisikia raha. Mtoto kaungua miguu, nimemfunga mgongoni analia, na mimi nasikia raha.

Niliporudi uwanjani ilikuwa zamu ya kitongoji chetu. Foleni ndefu, wanawake tu, wanaume wengi wako mijini kwenye vibarua. Mmoja akanyoosha kidole kuelekea paa letu. Wa pili akasoma. Wa tatu akauliza, "Kasmuri na nani?"

"Soma mwenyewe, shoga, si una macho!"

Maneno yakatembea foleni nzima. Kasmuri jukwaani kaganda. Kunyanyuka hawezi, mgombea haachi kiti bila ruhusa, na ruhusa ya dharura angeiombea nini? Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye kilemba.

Nikapewa karatasi yangu nikaingia kibandani. Wikan anapiga mateke mgongoni. Nikaikunjua karatasi kwa mkono mmoja, nikashika ule msumari, nikautoboa muhogo kwa nguvu mpaka msumari ukanasa kwenye ubao. Nilijichagua mwenyewe, wasomaji. Nikatia karatasi kwenye sanduku, nikaenda kwenye meza ya wino.

Endarti alikuwa amekaa mgongo kaipa nyumba yetu. Akakipokea kidole changu kwa mikono miwili, kama anavyofanya kwa kila mtu.

"Pole na mtoto, dada Murtiyah. Nimesikia."

"Pole ni yako, bibi harusi."

"Bibi harusi wa nani?"

"Geuka utazame paa langu. Soma kwa sauti, wewe si umesoma?"

Akageuka. Nikaona anasoma mara moja, kisha mara ya pili. Chupa ya wino ikapinduka, wino ukamwagikia sketi yake na karatasi za kamati.

"Mimi sijui hili," akasema.

"Hujui! Basi boriti imejiandika."

Wanawake wakacheka, wakaanza kupiga vigelegele vya harusi, vile vya kejeli. Kwenye foleni alikuwepo baba mkwe wake Endarti, mzee mwenye heshima zake, kamshika mjukuu mkono. Akatoka kwenye foleni bila kupiga kura, akamburuta yule mtoto kwenda nyumbani. Mtoto anageuka nyuma, "Mama! Mama!" Endarti hakuweza kumfuata, kituo kilikuwa bado hakijafungwa.

Nikarudi kwenye kiti changu chini ya muhogo, Wikan mapajani, na safari hii hakuna aliyethubutu kunizuia.

"Umefanya nini?" Kasmuri akanong'ona.

"Cheka," nikamwambia. "Watu wanatazama."

Kuhesabu kulianza saa nane. Mwenyekiti anafungua karatasi, anaiinua juu tundu lionekane, anatangaza. Sanduku la vitongoji vya juu likatangulia. Mpunga! Mpunga! Mpunga! Muhogo, kicheko. Mpunga! Kasmuri akaanza kupata rangi. Likafunguliwa la kitongoji chetu. Muhogo! Muhogo! Muhogo! Hakuna aliyecheka tena. Wanawake wakaanza kuitikia kila kura, na mimi nikajikuta nahesabu kwa midomo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mia nne na kumi na mbili kwa mia nne na kumi na mbili. Imebaki karatasi moja.

Mwenyekiti akaifungua. Akaigeuza huku na huku.

"Ina matundu mawili," akasema.

Moja lilikuwa katikati ya picha ya muhogo wangu. La pili lilikuwa pembeni mwa picha ya mpunga wa Kasmuri, juu ya mstari wenyewe wa fremu. Kwenye kona kulikuwa na alama ya kidole gumba ya rangi ya saruji.

Ilikuwa kura yangu! Niliikunjua nusu, mtoto ananipiga mateke, msumari ukapita kwenye mkunjo na kutoboa pande zote mbili. Na kura ni siri. Nikisema ni yangu, imeharibika papo hapo.

Ikihesabiwa, nimeshinda kwa kura moja. Ikitupwa, tumelingana, na tukilingana mshindi ni mwenye vitongoji vingi, na vile vya juu vyote ni vya Kasmuri. Mhuri wake. Daftari lake. Kiwanja cha baba yangu chake, na mimi upande wa mbuzi.

"Kamati iamue," mwenyekiti akasema.

Kamati ni watu watano. Wawili wakasema tundu la pili liko nje ya picha, kura ni halali. Wawili wakasema liko ndani, kura imeharibika. Akabaki karani.

Endarti akasimama. Sketi ina wino mpaka chini.

"Kabla sijasema, nataka kuuliza," akasema. "Wakwe zangu wameniletea habari kwamba wamenifungia mlango. Mwanangu yuko ndani, mimi niko nje. Sijawahi kuzungumza na Bwana Kasmuri ila salamu. Nani aliweka jina langu pale juu?"

Hakuwa anaigiza. Walimpangia ndoa bila hata kumuuliza, kama walivyonipangia mimi ugombea.

Kasmuri akainuka taratibu, akavua kilemba kwa heshima.

"Bibi Endarti, mimi nimekaa kwenye kiti hiki tangu asubuhi, kijiji kizima shahidi," akasema. "Mama Gendis ndiye aliyeomba ruhusa akaenda nyumbani. Alipoondoka boriti iko chini. Aliporudi iko juu, na jina lako linatazama watu. Mke wangu ana wivu, nisameheni. Mwulizeni fundi nani aliamuru hivyo."

Watu wakampisha Sarwidi. Kofia mkononi.

"Fundi," mwenyekiti akamwuliza, "nani alisema maandishi yatazame uwanjani?"

"Mama Gendis."

"Fundi!" nikapiga kelele. "Sema na nani aliyekupa karatasi! Sema!"

Sarwidi akamtazama mama mkwe wangu, aliyekuwa amesimama mbele kabisa na tambuu yake. Akatazama chini. Akavaa kofia, akarudi nyuma ya watu.

Endarti akaichukua ile karatasi ya kura mezani. Akapanda nayo jukwaani mpaka mbele yangu, karibu hata nikaisikia pumzi yake. Akaitazama miguu ya Wikan, akanitazama mimi.

"Dada Murtiyah, sikuulizi nani aliandika. Nakuuliza hili moja. Ulisema jina langu litazame watu?"

Ningeweza kukana. Fundi ni mmoja na neno langu ni moja.

"Ndiyo," nikasema. "Nilisema mimi."

Akatikisa kichwa, akashuka, akairudisha karatasi mezani na kuilainisha kwa kiganja.

"Mwenyekiti," akasema, "andika uamuzi wangu."

Uamuzi wenyewe, wasomaji, nawaletea wiki ijayo.